Gumu Mbele, Laini Nyuma

"Hilo usiliminye tena, litaiva," fundi baiskeli alisema bila kuinua uso.

Balozi akalirudisha tairi la kwanza ukutani, akachukua la pili, akaliminya nalo kwa kidole gumba. Hakuwa balozi wa nchi yoyote. Alikuwa tarishi wa zahanati, mwenye baiskeli moja, kaptura mbili na kisanduku cha baridi cha kupelekea vichupa vya damu kwenye maabara ya hospitali kubwa. Ila kwa jinsi alivyokilinda kisanduku hicho na kukataa kusimama kusalimiana njiani, watu waliona cheo cha utarishi hakimtoshi.

Tairi la kwanza lilikuwa nene, na ndani yake limepitishwa utepe mgumu. "Hili likikanyaga msumari, msumari ndio utaomba radhi," fundi alieleza. "Hilo la pili ni godoro. Lakini mwiba ukilitazama vibaya tu, linalia."

"La katikati huna?"

"Ninalo. Linatoboka kama hilo na linarusha kama hili."

Matairi hayo mawili Balozi alikwisha kuyajaribu, na mara zote mbili alikosea. Safari ya kwanza alipita kwenye makunyanzi yote ya barabara kwa tairi gumu, akafika mapema, akajisifu moyoni. Mtu wa maabara akakizungusha kichupa kwenye mashine, akakiinua dirishani. Majimaji ya juu, yanayotakiwa kuwa manjano kama nyasi kavu, yalikuwa mekundu. "Umeitikisa mpaka chembe zimepasuka," akasema. "Kwa kipimo hiki haifai." Safari ya pili Balozi aliazima tairi laini. Miiba ikamla mara tatu, akafika saa sita na robo. Dirisha hufungwa saa sita.

Vichupa vya wagonjwa wengine havikuwa na neno. Mtikisiko vilivumilia, kuchelewa vilivumilia. Kipimo chenye deko kuliko vyote kilikuwa kimoja tu, cha figo, na damu yake ilikuwa ya dada yake.

"Mzigo uko wapi, mbele au nyuma?" fundi akauliza.

"Nyuma, kwenye keria."

"Basi gumu mbele, laini nyuma. Usilale upande wa miiba, usilale upande wa mashimo. Umeoa wake wawili, vumilia."

Balozi hakucheka. Alimwacha fundi ajaze upepo, akashukuru, na alipopinda kona akainama akalipunguza upepo kidogo tairi la nyuma, ili liwe laini zaidi. Hakuona haja ya kumuuliza mtu.

Zahanatini, dada yake alikuwa ameketi kwenye benchi, miguu imevimba hadi kandambili zimegoma kuingia. Ndiye aliyemlea tangu wazazi walipofariki, na ndiye aliyemfundisha baiskeli, akikimbia nyuma huku ameshika keria. Nesi alikuwa akiupapasa mkono wake kutafuta mshipa.

"Umeingia mitini," nesi akasema.

"Umechoka kuitwa," dada akajibu. "Hamia kwa huyo aliyesimama. Mishipa anayo mingi, na kazi haina."

Sindano ya tatu ndiyo iliyopata. Dada alitazama ukutani mpaka ikatoka. Bila majibu ya kipimo hicho daktari alikataa kumwanzishia dawa, maana dawa yenyewe ikikosewa ingeweza kummaliza. Hilo wote watatu walilijua, kwa hiyo hakuna aliyelisema.

"Balozi mzima," dada akasema, "kifurushi kimoja hufikishi."

"Leo nitafikisha, dada."

"Nenda polepole, mdogo wangu."

Alipofika mlangoni akamwita tena. "Ila uwahi."

Balozi aliondoka saa tatu kamili, na kwa saa nzima mambo yalimnyookea. Makunyanzi ya barabara yaliyokuwa yakimng'oa meno yakapita chini yake kama mashuka. Mbele, tairi gumu lilitafuna miiba bila kupepesa. Nyuma, kisanduku kilitulia kama mgeni aliyeshiba. Akafikiri, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba pengine yeye ni mtu mwenye akili.

Kwenye mawe ya kuvukia mfereji, rimu ya nyuma ikagonga jiwe. Alipolifungua tairi hakuona mwiba wala msumari. Tyubu ilikuwa na matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama imeng'atwa na nyoka. Rimu yake mwenyewe ndiyo iliyoing'ata. Upepo alioupunguza mwenyewe ndio uliokosekana.

Akatia viraka viwili, vya mwisho alivyokuwa navyo. Akajaza upepo kwa pampu yake ya mkono. Kule kwenye mteremko, mbele ya kibanda cha kinyozi, kiraka kimoja kikaachia.

Saa tano na dakika ishirini na tano. Hospitali ilionekana kabisa, paa lake la bluu na tangi lake la maji. Balozi akaiegemeza baiskeli ukutani. "Niangalizie," akamwambia kinyozi, akakitoa kisanduku, akakikumbatia, na hapo ndipo alipogundua kwamba hawezi kukimbia. Akikimbia, damu itatikisika. Akitembea, dirisha litafungwa.

Akashika mwendo usio na jina. Magoti yalikunjika, kichwa hakikupanda wala kushuka, miguu iliharakisha kama ya mtu anayefukuzwa, na kifua kilitulia kama cha mtu aliyebeba beseni lililojaa hadi ukingoni. Wateja wa kinyozi walitoka na mashuka yao shingoni kuja kutazama.

"Huyo vipi, bibi harusi?" mmoja akauliza.

"Bibi harusi amechelewa," mwingine akajibu, na wakacheka. Balozi aliwasikia. Hata kugeuka kuwatukana kungekuwa mtikisiko.

Alifika dirishani mtu wa maabara akiwa ameshika komeo. Mtu yule akamtazama jasho, akaitazama saa, akalegeza mkono.

"Pancha tena?"

"Tena."

Akakipokea kichupa, akakisimamisha kwa muda unaotakiwa, kisha akakitia kwenye mashine. Mashine ikanguruma. Balozi alisubiri, hana tairi la kuchagua, hana kanyagio la kukanyaga. Mngurumo ukashuka, ukakatika. Mtu wa maabara akakitoa kichupa kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga, akakiinamisha upande huu, halafu upande ule. Kutoka nje, kioo kile chenye vumbi kilivipa vitu vyote rangi moja, manjano na nyekundu zisitofautiane.

"Subiri," mtu yule akasema, akasogea kwenye dirisha la pili lenye jua zaidi.

Kidole gumba cha Balozi kilikuwa kimeanza kuuminya ubao wa dirisha, taratibu, kama kinachotaka kujua una upepo kiasi gani.