Siku Walipoufungua Mpaka

Wazazi wenzangu, mwenye binti aliyeolewa ng'ambo ya mto Mekong asikie: ukiambiwa mpaka utafunguliwa kesho, wewe vuka leo.

Mama Bouavanh hakuvuka. Alfajiri akaletewa habari kwamba bintiye Noy, upande wa Thailand, ameshikwa na uchungu, uzazi wa kwanza. Akafunga mzigo wa kuni za kumwotesha mzazi moto akishajifungua, kama ilivyo desturi, akashuka mtoni. Mitumbwi yote ilikuwa imezuiwa.

"Leo hakuna kuvuka, mama. Tunafungua mpaka," alisema Somphet, mkuu wa kijiji, ndani ya koti la kuazima.

"Mnaufungua kwa kuufunga?"

"Ni usalama wa wageni. Wewe fundi wa kufunga nyuzi za baraka, njoo ukumbini. Kuna na soda."

"Mwanangu anazaa, Somphet."

"Na ujirani mwema nao unazaliwa leo. Usituaibishe."

Akaenda na kuni zake. Hotuba za undugu zilikuwa ndefu kushinda lenyewe daraja jipya lililokuwa likifunguliwa. Kisha kina mama wakapita kwa magoti, wakiwafunga wageni nyuzi nyeupe mikononi na kuwaombea. Kila dua mgeni hujibu "sathu", yaani na iwe, na akishajibu, neno lake halirudi.

Mheshimiwa wa ng'ambo alikuwa akiwatabasamia wapiga picha.

"Upate afya," alisema Mama Bouavanh.

"Sathu."

"Upate vyeo."

"Sathu."

"Unifikishe sasa hivi kwa mwanangu Noy, mimi na kuni zangu."

"Sathu."

Kipaza sauti kilikuwa karibu. Ukumbi ukacheka.

"Nimeitikia nini?" mheshimiwa akamuuliza Somphet. Akaambiwa. "Na siwezi kukataa?"

"Uzi umeshafungwa, mheshimiwa."

Akampakia garini mwake na kuni zake, msafara ukaondoka; katikati ya daraja gari likakwama. Huku huendesha kulia, kule kushoto, na kamati ya pamoja ilikuwa haijakubaliana magari yabadilishe upande wapi. Misafara miwili, huo na uliotoka ng'ambo, ikabaki pua kwa pua. Mama Bouavanh akashuka, akatembea. Mheshimiwa akamfuata na nusu ya mzigo.

Wakamkuta Noy peke yake, anatetemeka, kichanga kifuani. Kitovu alikikata mwenyewe. Mama mkwe na majirani wote walikuwa wamepelekwa darajani kupunga bendera.

Mheshimiwa akakohoa, akaanza kutoa pongezi kwa niaba ya nchi mbili.

"Piga magoti, baba," Mama Bouavanh akamwambia. "Puliza moto."