Jemedari na Bwawa la Kutazamwa

Nyumba ile ilikuwa na bwawa la kuogelea lenye maji ya buluu, yametulia kama yamepigwa pasi. Pembeni palipangwa viti sita vya kulalia, miavuli mitatu na meza ya vinywaji. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mtu aliyelowa.

Mbwa Jemedari aliletwa pale akiwa mdogo kama kiatu. Karatasi zake za ukoo zilisema mababu zake wote walikuwa waogeleaji hodari, na Bwana mwenye nyumba alizitia kwenye fremu akazitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi. Sasa Jemedari alikuwa na miaka minne, mkubwa kama ndama, akibweka vioo vinatikisika. Lakini mwonyeshe maji, utamkuta kajikunja nyuma ya jokofu.

Aibu hiyo ingefichika kama si jirani. Jirani alikuwa na kijibwa cha miguu mifupi, hakina ukoo wala karatasi, na kiliogelea kama bata. Siku jirani alipokisifia mbele za watu, Bwana akaponzwa na mdomo: "Wangu akiingia majini, hicho chako kitaomba taulo. Njooni Jumamosi mjionee."

Jumatatu asubuhi akamwita msichana anayemtunza mbwa. Nyumba nzima ilimwita Kimya, kwa sababu akiulizwa swali alijibu kwa kutazama vidole vyake vya miguu.

"Jumamosi asipoogelea, namrudisha alikotoka," Bwana alisema. "Na mbwa akiondoka, mtunza mbwa atabaki kutunza nini?"

Kimya akatazama vidole. Kazi aliihitaji, hilo halina mjadala. Lakini yeye ndiye aliyemlea Jemedari kwa chupa, na hadi sasa mbwa yule hakuwa akipata usingizi mpaka aweke kichwa juu ya mguu wa Kimya. Angelalia mguu wa nani huko?

Bwana naye hakutaka kubahatisha, akaajiri Mwalimu wa Mbwa. Mwalimu alikuja na suti, filimbi, mwavuli na mabuti ya mpira yanayofika magotini, maana hakupenda kulowa. Jumanne alimwonyesha Jemedari video za mbwa wanaoogelea. Jemedari akailamba simu. Jumatano asubuhi alitupa mpira majini, na mpira ukaelea huko peke yake kama yatima. Mchana akaamuru mtunza bustani na dereva wamsukume. Jemedari aliingia kama gunia, akatoka kama risasi, akajikung'utia kwenye suti ya Mwalimu.

Mwalimu akaandika kwenye daftari lake: "Mwanafunzi ameanza kuzoea maji."

Jioni ile Kimya alikuwa jikoni akimkausha mbwa, ambaye bado alitetemeka.

"Shangazi," alimwambia mpishi kwa sauti ndogo, "umeshawahi kuona mtu akiingia kwenye lile bwawa?"

Mpishi akaacha kumenya viazi. "Mimi? Miaka saba niko hapa. Niliona kiatu cha Bwana kikiingia. Kilizama, na hakuna aliyekifuata."

"Basi na mbwa kaona hivyo hivyo. Wenye nyumba wanavaa nguo za kuogelea, wanajipaka mafuta, wanakaa pembeni wanayatazama, kisha wanarudi ndani wakavu. Ningekuwa mbwa, ningesema yale maji yana kitu."

Mpishi alicheka mpaka kisu kikamtoka. "Kumbe mdomo unao! Haya, mganga wa maji, tuone dawa yako."

Shule Kimya aliiacha darasa la tano, lakini mto wa njiani kwenda huko alikuwa ameuvuka kwa kuogelea mara mia. Usiku uleule alitia maji ya vuguvugu kwenye beseni la kufulia, akamwita Jemedari. Mguu mmoja, biskuti moja. Mguu wa pili, biskuti ya pili. Hakumvuta wala hakumkemea. Alitia miguu yake mwenyewe kwanza, akakaa humo akimenya vitunguu kama vile hakuna lolote.

"Umeajiriwa kuosha mbwa au kumbatiza?" mpishi aliuliza.

Alhamisi mchana, wenye nyumba wakiwa wamelala, walihamia kwenye ngazi za bwawa. Hapo pana kibao: WAFANYAKAZI HAWARUHUSIWI KUINGIA MAJINI. Kimya alikisoma vizuri, akakipa mgongo. Akaingia hadi kiunoni, akamshika Jemedari chini ya tumbo, akamwacha apige miguu. Ijumaa aliondoa mkono polepole, na mbwa hakujua kama umeondoka. Alikwenda, akazunguka, akarudi, mkia ukiwa usukani.

Jumamosi wageni wakajaa. Mwalimu akapuliza filimbi. Jemedari akaenda hadi ukingoni kwa madaha, akakaa kitako, akageuza shingo kumtazama Kimya, aliyekuwa amebeba sinia la glasi.

Filimbi tena. Mbwa yuleyule, mkao uleule.

"Labda anasubiri taulo kwanza," jirani alisema, na watu wakaangua kicheko. Shingo ya Bwana ikavimba.

Mama mwenye nyumba akamsogelea msichana. "Kimya, huyu anataka nini?"

"Anataka..." Akatazama vidole, kisha akamtazama mbwa. "Anataka mtu atangulie, Mama."

Mama akamtazama Bwana. Bwana akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama mabuti yake. "Mabuti haya," alisema, "si ya kina hicho."

"Kwani hapa kwenu nani anajua kuogelea?" jirani akauliza, na kicheko kikakatika ghafla.

"Ingia wewe," Mama alinong'ona.

"Na kibao, Mama?"

Mama akavua mtandio wake, akakifunika kibao. Kimya akaweka sinia chini, akaingia na sare yake. Hakufika mbali, nyuma yake maji yalipasuka, na Jemedari akampita akipiga miguu, masikio yakielea, uso umejaa furaha. Watu wakapiga makofi. Bwana alipongezwa. Mwalimu akainama kushukuru.

Jemedari akabaki, na Kimya akabaki naye. Jioni Bwana alimwita fundi wa bwawa, akaamuru maji yote yamwagwe, yawekwe mengine.

"Kwa sababu ya mbwa?" fundi aliuliza.

"Mbwa ni msafi," Bwana alisema. "Ana karatasi."

Jumatatu Bwana alipokwenda kazini, Mama alikuja uani, penye kamba za nguo. Akatazama nyuma. Akatazama vidole vyake vya miguu.

"Kimya... hivi Jemedari alianzia wapi?"

"Kwenye beseni, Mama."

"Maji baridi?"

"Ya vuguvugu."

Kimya akaleta beseni. Mama akapandisha gauni, akang'ata mdomo, akatia mguu mmoja. Jemedari alikaa pembeni akimwangalia, mtulivu kama mwalimu mkuu. Mguu wa pili ulipoingia, mkono wa Kimya ulijiendea wenyewe kwenye mfuko wa aproni, kwa mazoea, ukatoka na biskuti.

Mama akaitazama. Akachungulia mlango wa jikoni. Akaipokea.