Sukari Imeshuka

Kijiko kiligonga kikombe jikoni, mara moja tu, kisha kikanyamaza kama mtoto anayejua amekosea. Kulikuwa hakujapambazuka. Bi Mkasi, aliyelala kwenye kochi la sebuleni, alifumbua macho akatega sikio.

Jina hilo alipewa kwa sababu mbili. Maisha yake yote alishona nguo za watu, na ulimi wake nao haukuacha kitambaa kizima. Alikuwa amekuja kwa mdogo wake kumsaidia kazi za nyumbani, ndivyo alivyowaambia watu, lakini kilichomleta hasa ni mfupa. Mdogo wake, mjane mwenye ugonjwa wa sukari wa miaka mingi, alikuwa amevunjika mkono kabla watu hawajamaliza kumpa pole ya mguu. Kwenye simu alisema aliteleza bafuni. Bi Mkasi alipofika, akasimuliwa kwamba ni kujikwaa kizingitini. Bafu na kizingiti havikuwa hata upande mmoja wa nyumba.

Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyemalizia. Alimvuta pembeni akamwambia kwamba mtu mnene kama yule, mwenye mifupa ya kubeba gunia, havunjiki kwa kukaa chini tu. Akatupa jicho upande wa chumba cha msusi, akaongeza kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Msusi alikuwa mke wa mtoto pekee wa mdogo wake. Mume ni dereva wa lori, mtu wa safari, kwa hiyo huyo mkwe ndiye aliyebaki na mama. Alisukia watu katika chumba cha mbele, viti viwili na kioo, na mikono yake ilivuta nywele tangu asubuhi hadi jioni. Bi Mkasi aliitazama sana mikono ile. Aliuona na ufunguo kiunoni. Sukari ya nyumba ilifungiwa kabatini, chumbani kwa mkwe, na mgeni akitaka chai, mkwe alimtilia mwenyewe. "Karibu, mama mkubwa," alisema kwa heshima zote, kisha kopo likarudi lilikotoka.

Yalikuwepo mambo mengine ambayo yangeweza kuitikisa dhana yake. Mkwe alipiga magoti kumkata mama kucha za miguu, akakagua katikati ya vidole kama anayetafuta sindano iliyopotea. Alimwekea stuli bafuni asisimame muda mrefu. Kila jioni alimtoboa kidole, akasoma namba kwenye kimashine, na ikiwa ndogo wote wawili walifurahi. "Imeshuka, mama," angesema. "Leo umenipa zawadi." Bi Mkasi aliyaona yote hayo akayapa jina jingine. Anajipendekeza kwa sababu mimi nipo.

Jana yake alikuwa amempigia simu dereva. Hakumaliza neno, alimwambia tu aje ajionee mama yake anavyoishi, na alipoulizwa kuna nini, alijibu kwamba mengine hayasemwi kwenye simu. Dereva akasema Jumamosi angefika. Bi Mkasi alikuwa ameshakata shauri. Siku hiyo angesema yote, na mkwe afungashe vitu vyake arudi kwao.

Kijiko kikagonga tena. Ndiye huyo, akawaza. Mwenzake ananyimwa hata chembe, na mwenye ufunguo anajikorogea chai gizani. Akashika kandambili mkononi zisimsaliti, akaenda.

Hakuwa mkwe. Alikuwa mdogo wake, ameegemea ukuta, gauni limelowa jasho kama aliyetoka mvuani. Mkono wa plasta ulikumbatia fundo la kitambaa, na ndani ya kitambaa kulikuwa na sukari. Mkono mwingine ulitetemeka juu ya kikombe hata maji yakamwagika. Magoti yalikuwa yanamwacha. Kabla Bi Mkasi hajapiga hatua, mtu alimpita kwa nyuma kama upepo, akamdaka mgonjwa kwapani, akamkalisha kwenye stuli ya jikoni taratibu. Ni mkwe.

"Mwachie," Bi Mkasi alisema.

"Nikimwachia ataanguka, mama mkubwa."

Kisha mkwe akaona kitambaa, akaona kikombe, na uso ukamshuka. Akakichukua kikombe kwa upole, kama unavyomwondolea mtoto kisu.

Mgonjwa alijaribu kusema, ulimi ukawa mzito. Akamtazama dada yake. Utotoni walilala kitanda kimoja, na Bi Mkasi hakuhitaji tafsiri ya macho yale.

"Mpe," alisema.

"Sukari, mama mkubwa? Si ndiyo itamuua?"

"Mpe. Lawama nitabeba mimi."

Mkwe alimnywesha funda kwa funda, machozi yakimtoka. Wakasubiri. Jasho likakauka, mkono ukatulia, na baada ya muda mgonjwa akauliza kwa sauti yake mwenyewe kwa nini wamesimama kama wako msibani.

Ndipo yalipomtoka. Alfajiri nyingi aliamka hivyo, akitetemeka na kuona kiza, na alishagundua kwamba maji ya sukari humrudisha. Sukari yenyewe aliichota kwa jirani, yuleyule wa mlango wa pili, kijiko kimoja kila alipokaribishwa chai. Mara mbili miguu ilimwacha kabla hajafika jikoni, na mara zote mbili mfupa ukalia. Aliona aibu kusema, maana mkwe anahangaika kumkinga na sukari, na yeye anaiba. Tena jioni nyingine aliacha kula kusudi namba ishuke, mtoto wa watu afurahi.

Asubuhi walikwenda kliniki wote watatu. Daktari aliwasikiliza mpaka mwisho, hakumkata mgonjwa maneno hata alipozunguka. Aliwaeleza kwamba sukari iliyoshuka mno ni hatari, na kwa mtu mzima anayechoma sindano ya kushusha sukari jioni akalala na njaa, hatari inazidi. Mwili unatetemeka, kichwa kinazunguka, mtu anaanguka. Bi Mkasi akauliza habari ya mfupa. Mtu mwenye mwili hivi, avunjike kwa kuanguka pale pale aliposimama? Daktari akasema unene si ngao. Ugonjwa wa sukari ukikaa na mtu miaka mingi huudhoofisha mfupa kwa ndani. Kwenye picha unaweza kuonekana mzima kabisa, na bado ukavunjika kwa kishindo kidogo. Akapunguza dawa ya jioni, akakataza kuruka chakula, akasema sukari kidogo iwekwe karibu na kitanda kwa ajili ya alfajiri kama ile.

Mkwe alifungua ufunguo kiunoni, akaukunjia kiganjani. "Na mimi nilikuwa namshangilia," alisema. "Imeshuka, imeshuka."

Walikuwa wanatoka getini simu ya Bi Mkasi ilipolia. Alikuwa dereva, na sauti yake ilikuwa kubwa kama honi ya lori lake. Mkwe alikuwa hatua moja nyuma, amemshika mama mkono.

"Mama mkubwa, sijalala. Niambie kweli. Mke wangu anampiga mama?"

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, lakini pale barabarani hapakuwa na pa kuchutama.

"Hapana, mwanangu. Dhana ilikuwa yangu, nayo haikuwa na mguu wa kusimamia. Njoo Jumamosi kama ulivyosema. Uje na zawadi, na isiwe ya mama yako."

Njia nzima mkwe hakuuachia mkono wa mama, na penye mashimo alimzungusha kwa nje. Mdogo wake ndiye aliyesema, akitazama chini, kwamba alijua dada yake anamwazia nini yule binti, na kila siku alijiambia atasema kesho. Bi Mkasi alikuwa na jibu kali mdomoni. Akaliacha humo humo.

Siku ya kuondoka kwake, mkwe alimwonyesha kiti mbele ya kioo. Alisema hawezi kumruhusu msafiri atoke nyumbani kwake na kichwa kile. Bi Mkasi akakaa, mabega yamejikaza. Vidole vilizitenga mvi zake polepole, kama Bi Mkasi mwenyewe anavyotenga uzi asiukate.

"Naumiza, mama mkubwa?"

"Hapana."

"Maana nasikia nina mkono mzito."

Kwenye kioo, mkwe hakuwa anacheka.

"Nisamehe, mwanangu," Bi Mkasi alisema.

Mkwe alimaliza msuko ule, akaanza mwingine. Alipomaliza kichwa chote akakipaka mafuta, akamfuta na shingo, akauchukua mkoba wa mgeni akaubeba mwenyewe mpaka kituoni. Huko akampa, lakini hakuuachia mkanda mara moja.

"Uje tena kututembelea," alisema. "Ila safari hiyo uje kama mama mkubwa, usije kama polisi."