Kiti Pamoja na Mama

Niliwapa kiti tu. Hilo lieleweke kwanza, maana mtaani wanasema nimemgawa mama yangu mzazi kwa makumbusho. Sebule yetu ni ndogo, mke wangu kanunua sofa, na kipya kinyemi. Kile kiti cha mama, chenye mguu mmoja uliofungwa waya, kilikuwa kinaziba mlango. Nikakipeleka makumbusho ya Chama cha Historia ya Mji. Mama hakubishana. Alifuata mkokoteni, akasubiri kiti kishushwe ukumbini, akakikalia, akasinzia.

Nilitoka kidogo kumsaidia mwenye mkokoteni kugeuza. Niliporudi, mtunza makumbusho, bwana mmoja wa glavu nyeupe na upole wa kukera, alikuwa ameshamaliza kazi. Kiti kilikuwa na kikaratasi cha namba kwenye mguu. Mama naye alikuwa na chake, kimefungwa kwa uzi mkononi.

"Huyu ni mama yangu," nikasema.

"Tumeandikisha kama ulivyoleta. Kitu kikishapata namba hakitoki."

Nikamwamsha. "Mama, twende nyumbani."

"Nikakae wapi?"

"Kwenye sofa."

"Lile mlilokataa kulivua nailoni? Linanata."

Akalala tena. Damu ikanichemka, nikaita polisi. Polisi akaja, akasoma namba ya mkononi, akailinganisha na ya kitini, akasema ziko sawa, akaondoka zake.

Basi mama akakaa nyuma ya kamba, kati ya cherehani na saa ya ukutani iliyokufa. Asubuhi walimpangusa vumbi kwa brashi laini. Chai hairuhusiwi ukumbini, kwa hiyo yake wakaiita matengenezo. Wanafunzi walimzunguka na maswali yao, naye akawajibu mpaka saa ya kufunga. Kila nikienda namkuta amenawiri, na hilo liliniuma kuliko yote.

Mwishowe mwenyekiti wa chama akanionea huruma. Akaniambia kitu hutoka kwa njia moja tu: aliyekileta atamke mbele ya kamati kwamba hakina thamani yoyote.

"Kumbe ni rahisi hivyo," nikasema.

Kamati ikajipanga mbele ya kamba. Mtunza makumbusho akavaa glavu safi. Mama akajiweka vizuri kitini na kuvuta khanga yake magotini, kama mtu anayepigwa picha.

"Tamka," akasema mwenyekiti.

Nikafungua mdomo, nikamtazama mama.

"Sema, mwanangu, watu wana kazi zao," mama akasema. "Mbona kiti ulikisema bila shida? Takataka, ulimwambia mkeo. Na mimi nilikuwa nimekikalia."

Nilimtaka mama nyumbani, nilimtaka kweli, lakini lile neno lilikataa kutoka. Nikasema ana thamani. Kamati ikapiga makofi, na hivyo ndivyo nilivyompoteza kihalali.

Nikainama, nikapita chini ya kamba, nikakaa sakafuni miguuni pake.

"Mama, hiki kiti kilitoka wapi?"

Umri wangu wote sikuwahi kumuuliza. Mtunza makumbusho akasogea na uzi wake, akiutazama mkono wangu.

"Huyo mwache," mama akamwambia. "Hajatunza chochote cha kustahili namba. Ngoja kwanza asikilize."