Misumari Mkiani mwa Kenta

Miaka kumi na minne nimepakia korosho ghala la Mingoyo, na sheria yetu ni moja: kitakachoshuka kwanza hupakiwa mwisho. Basi asubuhi ile mbele ya Kenta, lori letu dogo, nikajaza magunia matupu, na mkiani nikapanga katoni themanini za misumari ya bati za kushuka Milola. Zilifika magotini tu.

"Dada Bertha, mzigo wa leo mtoto mdogo," nikamwambia dereva.

"Kila katoni kilo ishirini na tano. Umeugawa vizuri?"

"Unamfundisha Shamte kupakia?"

Kilima cha kwanza tulipanda, mimi kitini kando yake nikiimba. Katikati ya cha pili Bertha akakata usukani kushoto, akakata kulia. Kenta haikujali. Akakanyaga breki.

"Magurudumu ya mbele hayashiki ardhi," akasema polepole. "Mkia umetuinua. Kaka, shuka taratibu ukatege mawe nyuma ya magurudumu."

Nikashuka kama mkwe anayetoroka shughuli. Jiwe la kwanza lilisagika kama muhogo mkavu. Gari likarudi shubiri moja, likaegemea la pili.

Ningepanda juu, ningeongeza uzito kulekule mkiani. Ikabidi nisimame chini, nyuma ya gari, tani mbili zikinitazama kifuani, nifungue mlango wa bodi na kushusha.

"Bertha, breki unaiamini?"

"Siiamini. Na mguu umeanza kutetemeka. Punguza maneno!"

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nikayapunguza. Katoni ya kumi. Ya kumi na tisa ikapasuka, misumari ikabingirika hadi bondeni, sikuigeukia. Jiwe likalia. Nikavuta mbili kwa pamoja, mgongo ukakataa, nikaulazimisha. Niliposhusha ya thelathini na moja, kule mbele kitu kikatua: tuu!

"Yameshika!" Bertha akapiga kelele, kisha nikamsikia anacheka na kulia kwa pamoja.

Tulitega mawe makubwa zaidi, kisha tukapakia upya: misumari mbele, magunia mkiani. Katoni kumi za mwisho akaamuru ziingie kwenye kiti changu, akazifunga na mkanda kabisa.

"Na mimi nikae wapi?"

"Wewe beba jiwe, ufuate gurudumu la nyuma."

Nikapanda kilima chote kwa miguu, jiwe kifuani, nikimeza vumbi la gari nililolipakia mwenyewe. Kila nilipochelewa, Bertha alipiga honi.

"Shamte! Mtoto mdogo anakuuliza umefika wapi!"