Mashina ya Katikati

Mpimaji wa mavuno wa kituo cha utafiti alivuna kitalu cha sita Jumanne, saa tatu asubuhi. Kilikuwa na mpunga uliobadilishwa vinasaba. Cha saba kilikuwa na mpunga wa kawaida. Mpunga wa kupimwa hukatwa katikati ya kitalu. Mashina ya pembezoni hayapimwi, maana hupata jua na hewa bila kusongwa, yakanenepa kama watoto wa mpishi. Cha saba alikivuna vizuri. Cha sita kilikuwa na tope la magotini, akakata ya pembezoni. Hakuna aliyemtuma. Ulikuwa uvivu tu.

Ripoti ikasema mpunga mpya umeushinda wa kawaida kwa theluthi nzima. Dada yake, mkulima mwenye watoto wanne na shamba moja, akapiga simu kuuliza kama aupande shamba zima. Akamwambia apande.

Jumatatu moja baada ya ripoti, mashina ya katikati ya kitalu cha sita yalikuja nyumbani kwake. Yalijipanga foleni kutoka mlangoni hadi barabarani, yakisubiri kupimwa.

"Futeni miguu, nimepiga deki," mkewe akayaambia, akayaruka, akaenda kazini.

Mpimaji akatoa mizani, akayapima yote. Yalikuwa mepesi kuliko ya mpunga wa kawaida. Akapeleka hesabu kwa mtaalamu, bosi wake, akakuta mashina matatu yamekalia kiti cha wageni.

"Haya nayo yameshanieleza," mtaalamu akasema. "Lakini ripoti imetoka, ndugu yangu, na mbegu imegawiwa. Maji yakimwagika hayazoleki."

Dada alikuwa bado wiki moja apande. Kila siku mpimaji alishika simu, akaona haya kuanza habari ya tope, akairudisha mfukoni. Wiki ikaisha.

Wakati wa mavuno alikwenda kumsaidia. Pembezoni mpunga ulikuwa umejaza. Katikati, dada alifikicha suke kiganjani, akapuliza, zikabaki punje tatu. Mashina ya pale yalipomwona mpimaji yaling'oka, yakaanza kujipanga nyuma yake. Dada akayapisha.

"Kosa langu, kaka," akasema. "Wewe ulipima kwa mkono wako. Mimi ndiye niliyechelewa kupalilia."

Mpimaji alitazama viatu vyake. Kisha akamwambia ni kweli, palizi ikichelewa mpunga hauzai.