Taa za Kusindikizia

Katika miaka ishirini na miwili ya kufunga taa za magari hapa Majengo, hakuna mtu aliyewahi kuniomba nipunguze mwanga. Walikuja kuniomba niongeze. Mpaka asubuhi moja ya Jumatatu, Zablon alipoegesha pikapu yake mbele ya karakana yangu, akazima injini, kisha akabaki ndani ameshika usukani. Nilidhani amefiwa. Aliposhuka alinisalimu kwa sauti ya mtu aliyekuja kuvunja uchumba, akaniambia kwamba zile taa za nyuma nilizomfungia mwezi uliopita anaomba nizifanye hafifu kama zilivyokuwa za zamani.

Nilikaa juu ya tairi. Nilihitaji kukaa.

Taa zile zilikuwa kazi yangu bora, nasema hivyo bila haya. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yamejaa tena baada ya foleni za miaka mingi, na magari yaliyotumika yalikuwa yanaingia kutoka Japani kwa wingi hata Dodoma ikaanza kuona misongamano. Zablon hakuwa na uwezo wa kununua gari jipya. Alikuwa na Peugeot yake kuukuu, aliyobebea zabibu za Makutupora tangu kabla hajaoa, yenye taa mbili nyuma; moja imekufa, nyingine inawaka kama kipande cha sigara. Mimi nilikuwa nimenunua mabaki ya basi dogo la Kijapani lililopinduka. Nikakata bodi ya pikapu kwa tindo, nikachomelea fremu mpya, nikapanga taa sita, tatu kila upande, zote za kuwaka muda wote, mbili zikiongeza mwanga kwa breki, nikavuta waya mpya kutoka kwenye swichi hadi mkiani. Siku nilipoziwasha, mafundi wa mtaa mzima walikuja kutazama na hakuna aliyepata kasoro, ingawa walijitahidi. Siku zote nimeamini kwamba uso wa gari watu huuona mara moja tu linapopita, lakini mgongo wake ndio wanaokaa nao njia nzima. Sasa mtu ananiambia niuharibu.

Na nikiri kwamba wiki zile sikuwa na moyo mzuri. Uani kwangu ilikuwapo Corolla nyeupe ya Anuari, kijana wa Singida aliyemchumbia Salwa, mtoto wetu wa pekee. Aliiacha nipulize rangi nyeusi juu ya taa zake za nyuma, ndiyo mtindo aliouona Dar es Salaam, kisha akarudi kwao kwa basi. Kila alipopiga simu dukani kwa jirani kuuliza, nilimjibu kwamba rangi haijafika. Rangi ilikuwa kwenye rafu, nyuma ya kopo la grisi. Gari lile ndilo lingemchukua binti yangu, na mimi nilikuwa nimelifungua taa zote mbili nikazifunika kwa gunia. Kadi zilikuwa zimekwisha kugawiwa na pilau ilikuwa na mpishi wake, najua, lakini mkono ulikataa. Mke wangu Stara alikuwa akipita uani, analitazama gunia, ananitazama mimi, halafu anaendelea na shughuli zake.

Basi nikamtaka Zablon aeleze vizuri. Shida haikuwa betri wala polisi. Shida ilikuwa mama yake.

Bibi Anyesi aliishi mbugani, ng'ambo ya Zuzu, kando ya barabara iendayo Bahi, na kila Jumapili Zablon alimpelekea mahitaji. Kwa Wagogo wa umri wake, mgeni hapewi kisogo. Anasindikizwa mpaka njiani, na aliyemsindikiza anasimama palepale hadi mgeni apotee machoni ndipo arudi ndani. Mtoto aliyekuja kula na kuondoka naye ni mgeni. Zamani desturi hiyo haikumchosha mtu, kwa sababu ile taa moja ilikuwa ikizama kabla gari halijafika korongoni, na bibi akarudi kwenye chungu chake. Sasa mbuga ni tambarare, barabara ni mashimo matupu, pikapu inakwenda mwendo wa baiskeli, na taa zangu zinaonekana mpaka kivuko cha reli. Bibi anasimama nusu saa nzima kwenye upepo, na magoti hayamtaki. Jumapili moja, akiwa amesimama hivyo, mbuzi aliingia jikoni akamaliza ugali wa uwele na mlenda wote, akalamba mpaka mwiko.

Nikamwuliza kwa nini asiondoke mchana. Akasema mama haruhusu mtu kuondoka kabla ya kula, na chakula chake hakiivi kabla jua halijazama hata ukifika saa nne asubuhi. Nikamwuliza kwa nini asizime taa akishavuka korongo. Hapo akatazama chini. Alikuwa amejaribu jana yake. Mama alipoona taa zimekatika ghafla alijua gari limetumbukia, akapiga yowe, na wanaume wanane wakatoka mbio na baiskeli na kamba za kumvutia, wakamkuta kivukoni, mzima, anangoja treni ipite.

"Fundi," akaniambia, "heri nirudie taa mbovu kuliko kumsimamisha mama yangu kama mlingoti."

Nilimjibu kwamba siwezi kuharibu kazi ambayo sijaona kosa lake kwa macho yangu. Tukapatana Jumapili inayofuata niende naye. Nilikwenda nikiwa na bisibisi mfukoni na kinyongo kifuani.

Bibi Anyesi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kucheka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanisalimu upya kwa Kigogo, mbukwenyi, kana kwamba shikamoo peke yake haikutosha kwa mtu aliyetoka mjini. Alikuwa amemfunga jogoo miguu tangu asubuhi, akiningojea nimchinje mwenyewe, maana mwanawe alikwishamtumia habari, na alijua sisi Waislamu wa mjini hatuli kilichochinjwa na asiye Mwislamu. Nilimchinja. Mengine yakawa kama nilivyoonywa. Maji yalibandikwa bila haraka, kuni zikaongezwa moja moja, na kila jua liliposhuka kidogo bibi alikumbuka jambo jingine la kumwuliza mwanawe. Tulikula wakati mwanga wa mwisho unaondoka mbugani, na sijala kuku mtamu kama yule tangu hapo.

Ulipofika wakati wa kuondoka nilimwambia Zablon aende peke yake mpaka kivukoni, kisha arudi kunichukua. Nilitaka kuona anachokiona mama yake. Tukamsindikiza hadi barabarani. Pikapu ikanguruma, ikaondoka, na mimi na bibi tukabaki tumesimama bega kwa bega.

Maisha yangu yote nimezitazama taa kwa umbali wa hatua mbili, nikiwa na waya mkononi. Sikuwahi kuona zinavyofanya zikiachwa ziende. Zilikuwa sita, nikazihesabu kwa fahari, zikipanda na kushuka kufuata mashimo. Zilipofika korongoni zilizama zote, na bibi akashika mkono wangu. Zikaibuka upande wa pili, akauachia. Baadaye sita zikawa mbili, na mbili zikaanza kusogeleana, na mimi, fundi wa miaka ishirini na miwili, nikajikuta nanyosha shingo zisinipotee.

"Fundi," bibi akasema bila kugeuka, "Zablon kakwambia nini juu ya hizi taa?"

Nikamweleza yote, mpaka habari ya mlingoti. Akacheka hadi akapangusa macho kwa ncha ya kanga.

"Mwongo huyo. Mimi nililalamika mbuzi, sikulalamika taa." Akaikaza kanga yake. "Zile za zamani zilikuwa zinaninyang'anya mtu, bado sijamaliza kumtazama. Akija mimi simwoni, nipo jikoni, nasikia honi tu. Namwona akienda. Hizi zako usiziguse."

Nikamwuliza, na magoti je? Akasema magoti ni kweli yanauma, hapo mwanawe hakudanganya. Nikamwambia atoke na kigoda. Akanionyesha majani yaliyokuwa yamefika kiunoni kwake: akikaa juu ya kigoda haoni kitu ila majani. Kama nataka kumsaidia, nimtafutie cha kukalia kilicho kirefu.

Taa zikawa moja. Ile moja ikatetemeka kwa muda mrefu, nikadhani imekwisha, ikarudi, halafu kweli ikaisha. Bibi akasema neno dogo kwa Kigogo ambalo halikuwa langu, ndipo akageuka. Mimi sikugeuka upesi. Nilikuwa nimelikumbuka gunia uani kwangu na lile kopo la rangi nyeusi nyuma ya grisi, na nikaona aibu ya kweli. Wiki zote zile nilikuwa nimejificha nisione gari likiondoka, na hapa kuna mwanamke anachelewesha kuku jikoni ili aone vizuri. Zablon alirudi kunichukua baada ya saa nzima, kwa hiyo jioni ile bibi alisindikiza mara mbili, na sidhani kama alijuta.

Kesho yake nilifanya kazi mbili. Kwanza nilikwenda kwenye mabaki ya lile basi dogo nikang'oa kiti chake cha nyuma, cha watu watatu, sponji bado nzima, nikakichomelea miguu mirefu ya chuma mpaka kikafika juu ya majani ya mbugani, na ubao wa kuwekea miguu. Zablon alipokiona alisema mama yake atakuwa mtu wa kwanza katika kata nzima kukaa ndani ya basi bila kwenda popote. Pili nilifunua gunia. Zile taa za Corolla nilizisafisha ndani kwa kitambaa laini, nikasugua chuma cha kurudishia mwanga mpaka nikaona meno yangu ndani yake, nikatia balbu mpya kabisa nilizokuwa nimezificha kwa ajili ya mteja mkubwa. Rangi nyeusi nilimpa jirani apake mlango wa banda la kuku.

Anuari alipokuja kuchukua gari lake alizunguka nyuma, akasimama. Ni kijana mwenye adabu, hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba alikuwa ameomba nyeusi. Nilikuwa nimetayarisha uongo kuhusu rangi kuyeyuka kwa jua la Singida, ila ulipofika mdomoni ukanishinda.

"Nataka kumwona mwanangu mpaka mwisho," nikamwambia.

Alizitazama taa tena. Kisha akainamisha kichwa.

"Basi nitaendesha polepole, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita baba, na sikumsahihisha.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Ndoa ilifungwa alasiri, na walitakiwa kuondoka mapema wafike kulala Manyoni kwa shangazi yake Anuari. Nasema bila kujitetea kwamba niliwachelewesha. Niliomba dua irefushwe. Niliwasihi wazee waongezewe pilau, na wale waliokataa niliwaongezea mwenyewe. Nilikumbuka mambo ya kumwusia Salwa, nikamwusia, nikasahau kwamba nimeshamwusia. Stara alinivuta pembeni akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia jua halijazama. Akanitazama sana, halafu akaenda kuwatengenezea watu chai nyingine.

Giza lilipoanza kuingia tuliwasindikiza kwa magari matatu, vigelegele njia nzima, hadi mwisho wa nyumba, pale mji unapokwisha na mbuga kuanza. Mimi na Stara tulikuwa kwenye pikapu ya Zablon. Salwa alishuka akatukumbatia, akalia, akacheka kwa kuwa analia, akarudi ndani ya gari akikusanya nguo yake nyeupe isibanwe na mlango. Zablon aliniambia mama yake ametuma salamu: gari likipita kwake atalipokea kutoka kwetu, atalitazama upande uliobaki.

Corolla ikaondoka. Anuari alitimiza ahadi, alikwenda mwendo wa mtu anayebeba mayai. Wenzetu waliimba kidogo, wakageuza magari yao, wakarudi kwenye chai. Mimi nilipanda nyuma ya pikapu. Kile kiti cha basi kilikuwa humo, kimefungwa kwa kamba, kikingoja kupelekwa kwa bibi kesho yake, na nilipokaa juu yake niliona barabara yote mpaka mbali. Taa zilikuwa mbili, nyekundu, safi, kila moja mahali pake. Kama kazi nilikuwa nimeifanya vizuri mno, jioni ile ndipo nilipolipwa.

Nikasikia chuma kikilia. Stara alikuwa anapanda, ameshika viatu mkononi, nguo ya harusi ameipandisha magotini, anahema. Nikadhani amekuja kuniambia twende, wageni wanatungojea. Alikaa upande wa pili wa kiti, akaweka viatu miguuni, akatazama mbele.

"Bado zipo?" akauliza.

"Zipo."

Kilikuwa kiti cha watu watatu. Tulikuwa tumekaa kila mtu kwenye ukingo wake, na hakuna aliyesogea kati.